Jiwe adimu, bei ya nani? Kutambua na kupima madini kwenye njia panda ya Sake

Sake iko kwenye njia panda. Barabara moja inapanda Mushaki kwenda Rubaya, Masisi-centre na mbali kule Walikale. Ingine inaenda Kitchanga. Ingine inafuata ziwa kupitia Kirotshe na Shasha mpaka Minova. Ya nne inateremka Goma, kilometa kama 25. Kwa hiyo kila kitu kinachotoka milimani kinapita hapa: maharage, viazi, makala, fromage ya Masisi. Na mawe vilevile.

Mengine yanapita katika mifuko ya kilo 50, na wenye nayo wanajua vizuri wanabeba nini. Lakini kuna mawe ya namna ingine: jiwe moja zito ambalo mama amelikuta akilima, kipande cheusi kinachong'aa ambacho kijana amekitoa mtoni, fuwele ya kijani iliyofungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa chini ya kitanda tangu mwaka jana. Mwenye nalo ana maswali mawili tu: hii ni jiwe gani? Na ni ya feza ngapi?

Ni maswali ya kawaida, lakini katika Kivu ya leo majibu yake yanaweza kusaidia familia kulipa masomo ya watoto, ama kuiacha mikono mitupu huku mtu mwingine akitajirika. Na mara nyingi mwenye kujibu ni yule yule anayetaka kununua. Shida yote inaanzia hapo.

Adimu si ghali

Kosa la kwanza ambalo wengi wanafanya ni kufikiri kwamba jiwe likiwa adimu, lazima liwe na bei kubwa. Mfano wa kuvunja hiyo mawazo uko karibu kabisa na Sake.

Kwenye ubavu wa kusini wa Nyiragongo kuna kilima cha volkano ya zamani kinachoitwa Shaheru. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Finland, Sahama na Hytönen, walieleza madini mapya kutoka pale ambayo sayansi ilikuwa haijayaona bado. Moja waliiita götzenite, kwa jina la Mjerumani von Götzen aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894. Ingine ni combeite, kwa jina la mjiolojia aliyefanya kazi Uganda. Kiisha zikafuata zingine kutoka volkano ile ile, kama delhayelite mwaka 1959 na andremeyerite mwaka 1973. Kaskazini zaidi, wilayani Rutshuru, kuna lueshite, iliyoelezwa mwaka 1959 na kupewa jina la Lueshe.

Haya ni kati ya madini adimu duniani, na majina yao yamo katika vitabu vya jiolojia vya nchi zote. Lakini mtu akipeleka götzenite kwenye comptoir ya Goma, hatapewa hata franka ya kununua chai. Fuwele zake ni ndogo sana, nyingi huonekana kwa hadubini tu, na hakuna kiwanda kinachoziomba. Thamani yake ni kwa wanasayansi na majumba ya makumbusho, kama lile la Tervuren huko Ubelgiji, ambalo limehifadhi mawe mengi yaliyotoka Congo.

Coltan kwa upande wake si adimu namna hiyo. Inapatikana Brazil, Australia, Rwanda, Nigeria, Ethiopia na kwingine. Lakini viwanda vinaitafuta, kwa sababu ndani yake mna tantale, metali inayotumika kutengeneza vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone, kompyuta, magari na ndege. Rubaya peke yake inahesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya coltan ya dunia.

Kwa hiyo bei ya jiwe haitoki katika uadimu wake peke yake. Inatoka kwa mtu anayelihitaji, na kwa njia iliyoko ya kumfikia huyo mtu. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, jiwe linabaki jiwe.

Kutambua kwa mikono, mbele ya mashine

Wachimbaji wa Masisi na Walikale wana ujuzi wao. Wanapima kwa kiganja, wanaangalia rangi, wanaosha kwenye maji ili mchanga mwepesi uende na kizito kibaki. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini una mwisho wake. Coltan, kasiterite na wolframite zote ni nyeusi ama kahawia, zote ni nzito, na mara nyingi zinatoka katika kilima kimoja. Turmaline nyeusi nayo inafanana nazo kwa macho, na imeshadanganya vijana wengi.

Kuna majaribio matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya nyumbani.

La kwanza ni mstari. Chukua karo iliyovunjika, tumia upande wa nyuma usiong'aa, ama kitako cha kikombe cha porseleni ambacho hakina rangi. Sugua jiwe pale. Kasiterite, hata ikiwa nyeusi tii, inaacha alama nyeupe ama kahawia hafifu. Coltan inaacha alama nyeusi ama ya kahawia-nyekundu iliyokolea. Wolframite inaacha kahawia iliyoiva mpaka nyeusi. Turmaline inaacha nyeupe, ama haiachi kitu.

La pili ni sumaku. Chuma cheusi cha mtoni, kinachoitwa manyetite, kinarukia sumaku mara moja. Kasiterite safi hairuki. Coltan inaweza kuvutwa kidogo tu, na kwa sumaku yenye nguvu.

La tatu ndilo lenye kusaidia zaidi, na linataka mizani nzuri, kamba na ndoo ya maji. Pima jiwe likiwa kavu. Kiisha lifunge kwa kamba, lining'inize kwenye mizani huku limezama lote ndani ya maji bila kugusa chini, na usome uzito wa pili. Toa uzito wa pili katika ule wa kwanza. Halafu gawanya uzito wa kwanza kwa hiyo tofauti.

Mfano: jiwe lina gramu 700 likiwa kavu na gramu 600 ndani ya maji. Tofauti ni 100. Gawanya 700 kwa 100, unapata 7. Hiyo ni namba ya kasiterite, ambayo iko kati ya 6,8 na 7,1. Wolframite inapita kidogo, 7,1 mpaka 7,5. Turmaline iko chini kabisa, karibu 3. Jiwe la kawaida la quartz ni 2,65.

Coltan iko tofauti, na ni vizuri kuelewa juu ya nini. Jina lenyewe limeunganisha majina mawili, kolombite na tantalite. Kolombite ina niobi nyingi na namba yake inaanzia 5,2. Tantalite ina tantale nyingi na inaweza kufika 8. Mawe karibu yote yako katikati, yana zote mbili. Kwa hiyo kama umeshahakikisha kwa mstari kwamba ni coltan, namba ikipanda ni habari nzuri: tantale imo kwa wingi. Ikiwa karibu na 5, ni niobi ndiyo imejaa, na bei itashuka.

Lakini angalisho. Jiwe likishikamana na quartz ama udongo, namba inashuka na kudanganya. Tena haya majaribio yanasema jiwe ni la aina gani tu. Hayasemi asilimia. Na katika biashara ya coltan, feza iko katika asilimia.

Asilimia: pale feza inapotea

Coltan haiuzwi kwa kilo peke yake. Inauzwa kwa kilo mara asilimia ya tantale iliyomo. Tuchukue hesabu ya mfano, si bei ya soko. Tuseme mnunuzi analipa dola moja kwa kila asilimia kwa kilo. Coltan ya asilimia 30 itakuwa dola 30 kwa kilo, na mfuko wa kilo 50 utakuwa dola 1 500. Mnunuzi akisema mashine imesoma 22, mfuko ule ule unakuwa dola 1 100. Dola 400 zimepotea bila mtu kuiba hata punje moja ya mchanga.

Mashine yenyewe inafanana na bastola ya plastiki. Inapiga miali isiyoonekana kwenye madini na kusoma majibu yake katika sekunde chache. Kwa kazi ni kifaa kizuri. Lakini kina tabia zake, na mwenye kuuza asipozijua, anaweza kudanganywa kwa namna tatu.

Kwanza, mashine inasoma juu juu tu, si ndani ya mfuko. Ikielekezwa kwenye punje chafu, itasema kidogo. Ikielekezwa kwenye punje safi, itasema mingi. Ndiyo maana sampuli ya haki inachukuliwa juu, katikati na chini ya mfuko, inakaushwa, inasagwa, inachanganywa, halafu inapimwa zaidi ya mara moja. Mchanga wenye maji unasomwa vibaya.

Pili, mashine inatakiwa kuwekwa sawa kwa kutumia sampuli inayojulikana asilimia yake. Isipowekwa sawa, ama ikiwekwa kwenye programu ya kupima udongo badala ya ile ya madini, namba zinatoka lakini hazina maana.

Tatu, na hii wengi hawaijui hata kidogo, kuna asilimia mbili tofauti kwa jiwe moja. Kuna asilimia ya tantale yenyewe, metali peke yake, na kuna asilimia ya oksidi ya tantale, yaani tantale pamoja na oksijeni iliyoshikamana nayo. Bei ya dunia inatajwa kwa oksidi. Ili kutoka metali kwenda oksidi, unazidisha kwa 1,22. Coltan yenye oksidi asilimia 30 ina metali asilimia 24,6 tu. Mnunuzi akisoma 24,6 kwenye kioo na kulipa kama vile ndiyo oksidi, hajasema uongo wowote juu ya mashine. Hata akikuonyesha kioo, namba ni ya kweli. Lakini kwa ule mfuko wa kilo 50 wa mfano wetu, dola 270 zimeenda. Swali la kuuliza ni fupi: hiyo namba ni ya oksidi ama ya metali?

Kasiterite ina nafuu kidogo. Ikiwa safi kabisa ina bati karibu asilimia 79, na bei ya bati inatangazwa kila siku ya kazi kwenye soko la metali la London. Mtu mwenye telefone anaweza kuitafuta na kujua kama mnunuzi anamchezea. Kwa tantale, hakuna soko la namna hiyo. Bei inapatanwa kimya kimya kati ya wauzaji na viwanda. Mchimbaji wa Rubaya hana pa kuangalia. Anangoja aambiwe.

Kwa nini leo ni ngumu zaidi kuliko jana

Zamani pia mambo hayakuwa mazuri. Wazee wanakumbuka mwaka 2000, bei ya coltan ilipopanda kwa ghafla na watu wakaacha mashamba na ng'ombe kwenda kuchimba, halafu 2001 ikaanguka na kuacha madeni. Walikale wanakumbuka Bisie, ambapo kasiterite ilitoka porini kwa migongo ya watu na ndege ndogo zikatua juu ya barabara pale Kilambo ili kuipeleka Goma. Leo Bisie ni mgodi wa viwanda wa kampuni ya Alphamin, na mwamba wake umehesabiwa kati ya yale yenye bati nyingi zaidi duniani. Kampuni ilijua hivyo kwa kuchoronga mwamba na kupeleka vipande kwenye labo kwa miaka, mbele ya kuanza kuuza mwaka 2019. Wale waliochimba pale kwa nyundo hawakuwahi kuona karatasi yoyote ya labo.

Kuanzia 2014, Rubaya iliingia katika mpango wa kufunga mifuko kwa vibandiko vyenye namba ili mnunuzi wa mbali ajue jiwe limetoka wapi. Mpango ulikuwa na kasoro zake na ulilalamikiwa sana. Lakini kulikuwa na mlolongo: mchimbaji, négociant mwenye karata, comptoir, halafu CEEC, ofisi ya serikali inayopima na kutoa cheti mbele madini hayajavuka mpaka.

Mwezi wa nne 2024, M23 iliingia Rubaya. Mwezi wa kwanza 2025 ikachukua Sake, na siku chache baadaye Goma. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege pia. Mwezi wa pili 2025, waziri wa mines huko Kinshasa aliweka migodi ya Masisi na ile ya Kalehe katika rangi nyekundu, maana yake madini ya pale hayaruhusiwi kununuliwa wala kuuzwa nje kisheria. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwisho wa 2024, waliandika kwamba coltan isiyopungua tani 150 ilipelekwa Rwanda kwa magendo na kuchanganywa na ya kule, na kwamba kodi za Rubaya zinaingiza dola 800 000 kwa mwezi kwa wale wanaoshikilia eneo. Rwanda inakanusha. Mwezi wa nane 2025, Marekani iliwekea vikwazo kikundi cha PARECO-FF, kooperative moja ya wachimbaji na kampuni mbili za Hong Kong, juu ya coltan ya Rubaya.

Mambo haya ya wakubwa yanamgusa vipi mtu mwenye jiwe lake Sake? Yanamgusa kwa njia moja ya wazi. Wakati njia ya halali imefungwa, kazi ya kuchimba haikusimama, ila mpimaji asiye na upande ametoka. Aliyebaki na mashine ni mnunuzi. Na mnunuzi ana sababu nzuri mdomoni: barabara ni mbaya, bariyeri ni nyingi, kodi ni kubwa, jiwe ni la rangi nyekundu. Kila sababu inakatwa kwenye bei, na inakatwa kwa aliye chini. Hatari ya kisheria ambayo ingepaswa kubebwa na kampuni za mbali imegeuka punguzo linalolipwa na yule anayeingia shimoni.

Na kuingia shimoni ni kuweka maisha mezani. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2026, udongo uliporomoka kwenye migodi ya Rubaya wakati wa mvua, na uongozi wa AFC/M23 ulisema watu zaidi ya 200 walikufa. Mtu anayepunjwa asilimia nane kwenye mfuko anarudi chini siku mbili ama tatu zaidi ili kufidia. Kwa hiyo mizani ya uongo na udongo unaoporomoka si habari mbili za mbalimbali.

Jiwe zima na jiwe lililovunjwa

Kuna soko lingine ambalo watu wa Kivu hawalijui sana. Ni la watu wanaokusanya mawe kwa uzuri wake, na la wachonga vito. Huko hawaulizi asilimia. Wanauliza: fuwele ni nzima? Ncha zake zimevunjika? Rangi ni safi, mwanga unapita? Imetoka kilima gani? Turmaline ya Numbi, upande wa Kalehe, inauzwa kwa hesabu hiyo, na vipande viwili vyenye uzito sawa vinaweza kutofautiana bei mara mia.

Katika soko hilo, nyundo ni adui. Fuwele ya kasiterite ama ya turmaline iliyokaa kwenye mwamba wake ikiwa kamili inaweza kuwa na thamani kuliko kilo nyingi za unga wa jiwe lile lile. Ikishapigwa, imeenda. Kwa hiyo mwenye kukuta fuwele nzuri asiivunje ili "kuona ndani", asiisugue kwa brosi ya chuma, asiimwagie asidi ya betri. Aioshe kwa maji tu, aifunge kwa kitambaa, aandike ilitoka wapi na siku gani. Ile karatasi ndogo ya mahali nayo ni sehemu ya bei.

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki ni wa Tanzania. Mwezi wa sita 2020, mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliuza serikalini mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9,27 na lingine la kilo 5,1, kwa shilingi za Tanzania bilioni 7,7, zaidi ya dola milioni tatu. Mwezi wa nane akaleta la tatu, la kilo 6,3, akalipwa tena mabilioni. Watu wengi walikumbuka utajiri wake na ng'ombe aliowachinja. Lililo la maana zaidi kwa Kivu ni lingine: mawe yalipimwa hadharani, na mpimaji wa serikali, na bei ikatangazwa mbele ya nchi nzima. Mwaka mmoja mbele ya hapo, kuanzia Geita, Tanzania ilikuwa imefungua masoko ya madini ambapo mchimbaji mdogo na mnunuzi wanakutana mbele ya mizani ya serikali. Si kwamba kule hakuna magendo. Lakini kule mwenye jiwe anaweza kusikia bei mbele hajauza.

Uongo unaokula watu

Pasipo mpimaji, uvumi unakaa kwenye kiti chake. Mwanzo wa 2023, video zilizunguka dunia nzima zikionyesha mawe yanayodaiwa kuwa ya Congo yakiwasha taa ndogo. Jiwe lenye metali linaweza kupitisha umeme, kama vile waya unavyopitisha. Kuutengeneza ni kitu kingine: taa haiwaki bila betri kuwa mahali fulani, hata kama haionekani kwenye picha.

Vilevile kuna "mercure nyekundu", ambayo wengine wamelipia dola nyingi na hakuna labo iliyowahi kuithibitisha. Kuna pyrite inayouzwa kama dhahabu: pyrite ukiigonga inavunjika na kuwa unga, dhahabu inapondeka na kutanuka. Kuna chupa iliyoyeyushwa inayouzwa kama kito. Ndani yake ukitazama kwa jua utaona mapovu ya duara.

Na kuna hatari ya kweli ambayo haizungumzwi sana. Coltan mara nyingi ina uranium na thorium kidogo ndani yake. Ndiyo maana meli zinataka cheti cha kupima mionzi, na mzigo ukipita kipimo cha becquerel 10 kwa gramu unasafirishwa kama mzigo wa mionzi. Punje moja mkononi haitamuua mtu. Lakini mifuko iliyolazwa chini ya kitanda cha watoto kwa miezi, ama unga wake unaovutwa kwa pua kila siku, si mchezo. Mawe ya rangi ya njano kali ama kijani kama cha limau yanataka uangalifu zaidi: usiyasage, usiyaweke ndani, na nawa mikono.

Sheria inasema nini

Shamba linaweza kuwa na karatasi ya familia, lakini kilicho chini ya udongo ni cha Serikali. Ndivyo inavyosema Code minier ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Kuchimba kwa mikono kunahitaji karata ya mchimbaji, ambayo inapewa Mkongomani mwenye umri wa mtu mzima, na kufanyika katika eneo lililotengwa. Négociant anahitaji karata yake. Kuuza nje ni kazi ya comptoir ama kampuni yenye ruhusa. Tangu mwezi wa 11 2018, coltan imewekwa kati ya madini ya kimkakati, pamoja na cobalt na germanium, na ushuru wake wa Serikali ni asilimia 10.

Kwa hiyo mtu anayezunguka na jiwe bila karatasi anaweza kunyang'anywa na yeyote mwenye sare, ya upande wowote. Hii nayo inashusha bei: mwenye hofu anauza haraka, na anayeuza haraka hauzi vizuri.

Kinachowezekana sasa

Amani iliyotiwa sahihi Washington kati ya Kinshasa na Kigali tarehe 27 mwezi wa sita 2025, na kuthibitishwa na marais wawili tarehe 4 mwezi wa 12, inaongea sana juu ya madini na biashara ya halali kati ya nchi. Wawekezaji wanatajwa, viwanda vinatajwa. Mizani ya mchimbaji haitajwi. Hata hivyo mkataba wowote utakaofungua tena njia ya halali utakuwa na maana kwa watu wa Sake, Mushaki na Rubaya tu kama kutakuwa na kipimo ambacho si cha mnunuzi.

Kitaalamu si jambo la ajabu. Wajerumani wa ofisi ya jiolojia ya BGR walishatengeneza njia ya kutambua coltan ilitoka mgodi gani kwa kusoma umri wake na kemia yake, maana mawe ya Kivu yana karibu miaka bilioni moja na kila kilima kina alama zake. Kama sayansi inaweza kusema jiwe lililofika Ulaya lilizaliwa kilima gani, haiwezi kushindwa kumwambia aliyelitoa kwamba lina asilimia ngapi.

Wakati hayo yakingojewa, kuna mambo madogo yaliyo mikononi mwa watu. Kooperative yenye wanachama wengi inaweza kuchanga kununua mashine moja, ama kulipia kipimo cha pili mahali pengine mbele ya kuuza. Kila muuzaji anaweza kubakiza kikombe kimoja cha mchanga ule ule uliopimwa, kikafungwa na kutiwa sahihi na pande mbili, ili kukiwa na ubishi kuwe na ushahidi. Anaweza kukausha mzigo wake, kuuosha vizuri, kuondoa chuma kwa sumaku, mbele haujafika kwa mnunuzi. Anaweza kupima ndoo na kamba nyumbani ili asiambiwe kwamba kasiterite yake ni mawe ya bure. Na anaweza kuuliza wazi: oksidi ama metali?

Mnunuzi wa haki hatakasirikia maswali haya, kwa sababu naye anaulizwa hayo hayo na wale anaowauzia. Anayekasirika ameshatoa jibu lake.